Kindi, Chui na Joho Lisilomalizwa

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakivaa nguo na kuoneana aibu wakiwa na viraka, palikuwa na Kindi mmoja, fundi wa kushona. Sogeeni karibu kidogo. Hadithi hii ina Chui ndani yake, na mimi mwenyewe sipendi kuisimulia nikiwa nimekaa mbali na watu.

Kindi alikuwa amejiajiri. Barazani kwake palikuwa na cherehani moja, kigoda kimoja na lundo la vitambaa vya watu. Wanyama walimsifu, wakisema huyo hana wa kumtuma, ni bwana wa nafsi yake. Bwana wa nafsi yake, wapi! Sikukuu ikikaribia, msitu mzima ulikuwa bwana wake. Nyani alitaka suruali leo hii. Nyumbu alileta vitambaa vya harusi, na harusi yenyewe kesho. Ngiri alikuwa amenenepa tangu apimwe, na lawama zote akamtupia fundi. Kisha sikukuu ikipita, mwezi mzima haji mtu hata na kifungo kilichokatika, na Kindi anakaa anaitazama cherehani.

Lakini hakuinuka pale barazani. Kazi ikiwa nyingi aliogopa kuchelewesha, na ikikosekana aliogopa mteja apite asimkute. Mkewe, Bi Somoe, alimletea chakula palepale, naye akala kwa mkono mmoja huku mwingine unasukuma kitambaa. Tena mafundi wa nchi ile walikuwa na mwiko wao, waliofundishwa tangu siku ya kwanza ya kushika mkasi: sindano ikishaingia kitambaani, huinuki mpaka mshono uishe. Kwao, kuacha mshono njiani kulikuwa aibu kubwa kuliko kuiba.

Basi asubuhi moja mtoto wao mdogo alipita barazani. Akamtazama baba yake, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Shikamoo, fundi," akasema, akaenda zake.

Mtoto hakuwa akitania. Hivyo ndivyo alivyowasikia wapita njia wote wakisema, na yule mwenye mgongo ulioinama hakumjua kwa jina lingine. Kindi aliumia, jamani. Alisimamisha cherehani, na siku hiyo kwa mara ya kwanza akajiuliza kazi ile anamfanyia nani.

Wiki ileile ikapita habari kwamba Chui anatafuta fundi wa kuajiri nyumbani kwake. Bi Somoe hakuipenda habari hiyo. Alimkumbusha mumewe kwamba Digidigi alikwenda kushona kwa Chui, na baada yake Kicheche, na baada yake Kanga, na wote watatu inasemekana wamehamia mbali. Ila hakuna hata mmoja aliyerudi kuaga.

Kindi akajibu kwamba mtu akipata ajira nzuri husahau kwao. Alisema hivyo, lakini mkia wake ulikuwa umesimama wima.

Chui alimpokea vizuri mno. Alimkalisha mkekani, akampa maji, akamweleza masharti kwa sauti ya taratibu. Kazi ni Jumatatu mpaka Alhamisi, chakula cha mchana juu ya tajiri. Kazi inaanza jua likichomoza. Uani palikuwa na nguzo, na kivuli cha nguzo ile kikigusa kizingiti cha mlango wakati wa alasiri, kazi imekwisha.

"Katikati ya hapo wewe ni amana yangu," Chui akasema. "Nimeapa mbele ya Tembo, mtawala wetu. Aliye kazini kwangu, au njiani, au kwake, simgusi hata kwa ukucha."

"Na kivuli kikishagusa kizingiti?" Kindi akauliza.

"Unakwenda kwako. Kwani utabaki ufanye nini?"

Halafu akaongeza sharti moja dogo, huku anaangalia pembeni. Wiki ya kwanza haikatizwi. Atakayetoroka kabla ya Alhamisi kwisha si mfanyakazi tena wala si amana, na Chui akimkuta popote, ni juu yake Chui. Kindi akakubali. Masikio yake yalikuwa yamesikia neno alasiri, na mawazo yake yalikuwa tayari nyumbani, kwenye sinia, pamoja na wanawe.

Kazi ilikuwa joho. Ijumaa palikuwa na baraza kubwa kwa Tembo, na Chui alitaka kwenda na joho lisilopata kuonekana. Kucha zake zilikuwa zimeshachana majoho mengi, kwa hiyo safari hii lishonwe kwa turubai, nyuzi za katani, mshono mara mbili. Lisichanike, alisema, hata yeye mwenyewe akilivuta kwa nguvu zake zote. Likumbukeni neno hilo.

Jumatatu Kindi alishona vizuri. Alasiri ilipokaribia alikuwa kwenye pindo, limebaki kidogo sana. Chui akaja kimyakimya, akakaa mlangoni, akamwomba amalizie tu hicho kipande, si kazi haiachwi njiani? Na Kindi angemalizia, maana mwiko ni mwiko. Ila asubuhi ile alikuwa amemwahidi mtoto kwamba watakula pamoja. Akachomeka sindano palepale kwenye pindo na kusimama.

Ndipo alipomwona Chui usoni. Macho yalikuwa yamemkazia shingoni. Tone la mate lilidondoka sakafuni, to! Chui akalifuta upesi kwa mguu, akamtakia safari njema.

Kindi alitembea mpaka kwenye kona ya njia. Baada ya kona, alikimbia.

Jumanne aliishiwa na uzi, akafungua sanduku la vitambaa lililokuwa pembeni. Chini kabisa alikuta majoho matatu yaliyokunjwa. Akakunjua la kwanza. Lilikuwa zuri, limekamilika lote isipokuwa tundu la kifungo cha mwisho, lililoshonwa nusu, na sindano bado imechomekwa. La pili vilevile. La tatu vilevile. Na chini yake palikuwa na mikasi mitatu. Mmoja ulikuwa na mpini uliofungwa kitambaa chekundu, na kitambaa kile Kindi alikifunga kwa mkono wake mwenyewe, alipomwazima Digidigi.

Akaelewa yote mara moja: wenzake hawakufungwa kamba wala kufungiwa mlango. Waliambiwa wamalizie kidogo, wakainamisha vichwa juu ya tundu la kifungo, kwa sababu walikuwa mafundi wazuri, na nje kivuli kikagusa kizingiti, wakawa si amana tena.

Akayakunja majoho, akafunga sanduku, akarudi kazini. Mtasema kwa nini hakukimbia. Kukimbia kungemtoa kwenye kiapo, na Chui alikuwa anaijua nyumba yake, mlango wake, na mti wanamolala wanawe. Siku hiyo alasiri aliondoka kabla Chui hajamaliza kusema "kidogo tu."

Nyumbani alimweleza Bi Somoe. Bi Somoe alikaa chini, akahesabu kwa vidole.

"Zimebaki siku mbili," akasema. "Usishindane naye kwa nguvu. Shindana naye kwa kile anachokitaka."

Jumatano Chui alitundika mkeka dirishani, eti vumbi lisiingie kwenye kitambaa kipya. Kindi hakuona tena ua wala nguzo wala kivuli. Alishona huku moyo unakwenda pu, pu, pu, akijaribu kulipima jua kwa joto la ukuta. Alipokuwa hajui tena kama ni mapema au amechelewa, aliomba ruhusa akaloweke uzi, maana katani kavu hukatika. Akatoka uani na bakuli. Kivuli kilikuwa kimebakisha upana wa kidole kugusa kizingiti. Bakuli likaanguka, yeye akaruka ukuta, chapu, na nyuma yake akasikia kucha zikikwaruza sakafu na kusimama.

Usiku ule hakulala, lakini ya usiku tuyaache. Tuje Alhamisi.

Alhamisi Chui hakujificha tena. Baada ya chakula cha mchana alilala kwenye mlango, mwili umeuziba wote, na mkeka dirishani alikuwa ameupigilia misumari. Alisema leo fundi hatoki joho likiwa bado halina kifungo cha mwisho, kwa maana kesho ndiyo baraza. Kisha akapiga miayo, na Kindi akayaona meno yote, mpaka ya nyuma.

Kindi aliweka sindano chini. Akazungumza taratibu ili sauti isimsaliti.

"Bwana mkubwa, joho la turubai halishonwi mezani. Likishonwa mezani hukaa mwilini kama gunia. Hili linamalizwa likiwa limevaliwa, na matundu ya shingo na mikono hukatwa mwisho kabisa, baada ya kila kitu kukaa mahali pake."

"Huchukua muda?" Chui akauliza.

"Muda mrefu, bwana. Mpaka alasiri, labda na zaidi."

Chui akatabasamu. Alipiga hesabu yake: kivuli kitafika fundi akiwa amemwegemea kifuani kabisa, hata hatua ya kumkimbiza haitahitajika. Akajisogeza nusu ndani nusu nje ya mlango, ili akichungulia kwa upenyo wa kitambaa akione kizingiti, akajiingiza ndani ya joho. Kichwa kikaingia. Miguu ya mbele ikaingia kwenye mikono ya joho iliyokuwa bado imezibwa nchani. Turubai ikamfunika.

Kindi akaanza kushona. Kwanza ubavu wa kushoto, mishono mara mbili, kama tajiri alivyoagiza. Halafu ubavu wa kulia. Pumzi ya Chui ilipenya kwenye kitambaa na kumchoma mikononi, na kila mara sauti ikatoka ndani ikiuliza kama bado sana. Bado kidogo, Kindi akajibu. Akaziba upenyo wa machoni, akisema hapo ndipo kola inapokaa. Akashuka kwenye pindo la chini, akakunja miguu ya nyuma ndani, akashona kuzunguka.

Sasa aliyekuwa akikiona kivuli ni yeye peke yake. Kilikuwa kinatambaa uani kuja mlangoni, na pindo lilikuwa limebaki shibiri moja. Kisha nusu shibiri. Kisha mshono mmoja.

Kivuli kikagusa kizingiti.

Na hapa, watoto, ndipo Kindi alipokaribia kufa. Si kwa ajili ya Chui. Ni kwa ajili ya mkono wake mwenyewe, maana mkono ulishika sindano na kutaka kumalizia ule mshono mmoja. Miaka yote ulikuwa umefundishwa hivyo. Pindo likaachama kidogo, na katika upenyo ule ukatokeza ukucha mmoja, mweupe, ukipapasa kumtafuta.

Kindi akaachia sindano ikiwa imechomekwa, akaruka juu ya turubai, akapita kwenye mlango hadi uani.

"Kindi!" Chui akanguruma humo ndani. Alivuta, akajirusha, akabingirika mpaka kwenye nguzo, gubu! Mshono wa katani haukuachia hata uzi. "Kindi, rudi umalize kazi!"

"Kivuli kimegusa kizingiti, bwana mkubwa," Kindi akasema. "Shingo na mikono nitakata Jumatatu. Kesho Ijumaa ni mapumziko yangu."

Akaenda zake. Safari hii hakukimbia hata baada ya kona.

Ijumaa barazani kwa Tembo kiti cha Chui kilikaa kitupu, na Kindi, aliyekuwa amekuja na Bi Somoe, akaulizwa kama anajua habari zake. Akawapeleka wote mpaka nyumbani kwa Chui. Tembo alilitazama furushi la turubai lililokuwa likihema uani, akaingia chumbani, akafungua sanduku aliloonyeshwa na Kindi. Alipotoka alikuwa ameshika mikasi mitatu kwa mkonga, akatoa hukumu papo hapo. Chui alifunguliwa ili afukuzwe, na tangu siku ile hutembea peke yake, bila nguo, wala hakuna wa kumshonea.

Tembo alihitaji fundi wa nyumba ya utawala, wa kudumu, na Kindi akapewa kazi ile. Nguzo ikasimikwa uani, mahali wapita njia wote wanapoiona. Wanaopita alasiri huikuta cherehani peke yake, na kwenye kitambaa tundu la kifungo lililoshonwa nusu, sindano imechomekwa. Hakuna anayeogopa kuiona. Wanajua mwenyewe yuko wapi.

Yuko kwake, kwenye sinia. Siku ya kwanza ya kazi hiyo mpya, alipoingia jua bado liko juu, yule mtoto mdogo alimtazama usoni kwa muda, kama mtu anayetafuta jina. Kisha akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba," akasema, akamsogezea nafasi mkekani.

Hadithi yangu naichomekea sindano hapahapa, nanyi mkumbuke neno moja: kazi haimaliziki, anayemalizika ni yule asiyejua kuondoka.