Mzizi wa Jino la Nakitope

"Usisifu jino hujaona mzizi." Mmeisikia leo kwenye posa, wajukuu zangu, mkaniuliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi, hapa hapa Nakitope, nami nilikuwa msichana.

Kilima chetu kimejaa mifupa ya mijusi wakubwa walioishi baharini zamani sana, bahari ilipokuwa ikifika huku. Mifupa hiyo imegeuka mawe. Kampuni moja ilitaka kukilipua kilima ipate kokoto, na nyumba zote za chini yake zihamishwe. Tumaini letu likabaki kwa mtaalamu wa makumbusho, Bwana Kyaruzi, aliyeahidi kuja kutazama kama kuna cha kuhifadhi.

Siku mbili kabla hajafika, Bakiri Mtupila alileta taya refu kama mkono wa mtu mzima, meno kumi na manne yamesimama. Alisema amelitoa korongoni. Kijiji kikashusha pumzi.

Aliyepewa kulisafisha ni Somoe, mke wa kaka yake Bakiri. Misimu sita alikuwa amewaoshea watafiti waliowahi kuja kilimani meno ya namna hiyo, akajua kuyatambua. Aliyapapasa meno ya taya hilo moja moja. Matano yalikuwa manene, yenye makali mbele na nyuma. Mengine yalikuwa membamba, yenye mistari midogo kuzunguka jino lote. Hayo ni ya mnyama mwingine kabisa. Na penye mizizi yake palikuwa na mchanga ulioshikana tu, si mfupa. Alipomweleza mumewe, mumewe alimsihi anyamaze, asimwaibishe ndugu yake na kuwahamisha watu makwao.

Bwana Kyaruzi alipofika, uwanja wa ofisi ya kijiji ulijaa. Alilitazama taya, akatoa kalamu aandike. Somoe akasogea mbele.

"Bwana, subiri kidogo. Sijamaliza kulisafisha."

Bakiri alimwinamia. "Shemeji, kaa chini. Unataka watoto wako walale wapi?"

"Nataka walale hapa, shemeji. Ndiyo maana nimesimama."

Alipasha sindano moto kwenye makaa ya jiko la chai, akaichoma kwenye shina la jino jembamba. Jiwe haliyeyuki kwa sindano. Pale paliyeyuka, pakanuka gundi, na jino likaangukia mezani. Likafuata la pili, la tatu, hadi la tisa. Matano manene hayakutikisika. Mizizi yake ilikuwa imeshikana na mfupa.

Bakiri alikiri mbele ya wote. Taya alilipata na meno matano tu. Yale tisa aliyaokota kwingine akayabandika, akihofia kwamba kitu chenye mapengo hakitaokoa nyumba.

Bwana Kyaruzi akafunga daftari. Tukajua tumekwisha.

"Mama," alimwambia Somoe, "ningelichukua hivi, wenzangu wangeligundua, na kilima hiki kisingeaminiwa tena." Kisha akamgeukia Bakiri. "Haya tisa uliyaokota wapi? Nipeleke."

Bakiri aliongoza njia. Huko Bwana Kyaruzi na wenzake walichimba siku arobaini, wakampata mnyama wa pili, shingo ndefu na fuvu lake. Kilima hakikulipuliwa.

Watu hudhani Somoe ndiye aliyeitunga methali. Hapana. Ni Bakiri. Miaka yote iliyofuata, kila alipoletewa kitu kizuri na mtu anayetaka pongezi, alikigeuza kwanza, akakitazama chini, akasema: usisifu jino hujaona mzizi.