Boti ya Vyumba Viwili

Ndugu zangu, mkiniona nahema msidhani ni upako. Nimekimbia. Asubuhi hii nimeingia kanisa la jirani zetu hapo ng'ambo ya barabara, nikapita katikati ya watu nikitabasamu na kupunga mkono, nikaketi kwenye kiti cha mhubiri, nikafungua Biblia. Mama mmoja wa kwaya akaniinamia sikioni: "Baba, kwani wewe ni wa wapi?" Nimehubiri Bujumbura, nimehubiri Lubumbashi, nimelala kwenye meli na kwenye mabehewa ya mizigo, na leo nimeshindwa na barabara moja. Kanisa zima liliangua kicheko. Nikacheka nao, maana kuchekwa kuna unafuu wake. Wa kuhurumiwa ni yule anayekosea akiwa peke yake, hana hata wa kumwinamia sikioni.

Mtazameni basi mzee mmoja wa kando ya ziwa. Mkewe amefariki, binti yake wa pekee ameolewa mji wa mbali. Siku za kazi, kazi humsukuma. Ikifika Jumamosi anachemsha chai birika zima kwa mazoea, anakunywa kikombe kimoja, iliyobaki anaimwagia migomba. Redio ikisema asubuhi njema, yeye anaiitikia.

Siku moja akakumbuka. Binti alipokuwa mdogo walipanda boti pamoja, mtoto akasema, "Baba, siku moja tulale hukuhuku majini." Mzee akajiambia: nitanunua boti ya kulala. Mwisho wa wiki watakuja, binti na mumewe. Tutatia nanga, tutakaanga sato, tutaongea mpaka usingizi utushike.

Akaenda kwa fundi boti. Fundi akamwonyesha moja iliyotumika lakini nzima: chumba kimoja chenye vitanda vitatu, jiko dogo, turubai juu. Bei ya mtu wa kawaida.

"Hii hapa, mzee wangu. Keshokutwa uko majini."

Mzee akachungulia ndani, akatikisa kichwa. "Chumba kimoja? Mkwe wangu nimlaze wapi?"

"Si kitanda kile pale."

"Fundi, wewe umeoa kweli? Nimkoromee mkwe usoni? Kwetu mkwe na baba mkwe hawalali chini ya paa moja."

"Basi mkwe tumfunge kamba aelee nyuma."

Wakacheka. Lakini mzee hakununua. Alitaka ya vyumba viwili, na ya vyumba viwili haikuwa ya mfuko wake. Akaanza kudunduliza. Kila alipompigia binti yake simu, hadithi ilikuwa boti: nimeona moja, mbao zimeoza, nimeona nyingine, injini inakunywa mafuta kama walevi wa harusini. Binti anasema, "Sawa, baba." Simu ikikatwa, nyumba inarudi kwenye kimya chake.

Miaka ikaenda. Mjukuu akazaliwa, akaota meno, akaanza shule. Babu anamjua kwa picha. Kwa nini hawakuja? Kwao mkwe hafiki ukweni bila kuitwa. Kwa nini hawakuitwa? Boti haijapatikana. Mnamwona alivyojifungia mlango mwenyewe, kisha akakaa ndani akisikiliza kama kuna anayebisha hodi?

Hatimaye akaipata. Vyumba viwili, mapaa mawili, kila chumba na mlango wake. Akapiga simu papo hapo, amesimama gatini.

"Mwanangu, njooni Jumamosi. Tunalala majini. Mwambie mkwe wangu nimemtengea chumba chake, na ufunguo wake."

Binti akasema taratibu, "Baba, mume wangu anaogopa maji. Hata kwenye kivuko hufumba macho mpaka tufike ng'ambo. Humo hawezi kulala."

Mnacheka? Chekeni, lakini msimcheke mzee peke yake, maana humu ndani tuko wengi wa boti ya vyumba viwili. Si sisi tunaosema, nikimaliza kupaka rangi nyumba nitamwita kaka yangu? Nikipata makochi ya maana nitamkaribisha yule mama aliyefiwa? Tunaona haya ya chumba kimoja, lakini kiti kitupu mezani hakitutii haya hata kidogo. Halafu tunapiga magoti, tunamlalamikia Mungu kwamba tumesahauliwa. Nani alikuomba vyumba viwili? Mungu hakuomba. Ndugu yako hakuomba. Mgeni wako pengine anataka mkeka tu na mtu wa kumsikiliza.

Leo, kabla hujagusa chakula, mpigie mmoja simu. Usimweleze mipango yako. Muulize yeye: u hali gani, unapenda nini, unaogopa nini. Nami nitapiga, nina watu nchi nne ambao nimewaahidi kuwatembelea nikishanunua viatu vizuri.

Maana yule mzee, amesimama pale gatini, alimuuliza binti yake: "Miaka yote hii nahangaika na boti. Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, baba."