Ndama Aliyerudi Kunyonya

Leo sina maneno matamu, ndugu zangu, wala msinitafutie. Nimekuja na habari ya mfugaji mmoja wa ng'ombe wa nyama, mtu mwenye zizi kubwa na mdomo mkubwa kulishinda zizi lenyewe. Katika ndama wake alikuwapo dume mmoja mwekundu, mpana kifuani, ambaye bwana yule alimpenda kupita wote. Alishaamua moyoni kwamba huyo ndiye atakayekuwa dume la zizi, na kila mgeni aliyefika alipelekwa kumtazama kabla hata ya kukaribishwa kiti.

Ulipofika wakati wa kuwaachisha ndama kunyonya, akafanya kama wafanyavyo wafugaji wengi: akachukua mavi mabichi ya ng'ombe, akawapaka mama zao kwenye chuchu, ili ndama akija aonje ubaya wake aondoke. Ndama wakalia, mama zao wakalia, majirani hawakupata usingizi. Yeye akatembea kifua mbele akitangaza kwamba kwake hakuna kubembelezana, ndama akiachishwa ameachishwa. Na kweli, jamani, kwa kuachisha yule bwana alikuwa hodari.

Bwana mifugo wa serikali akapita. Akamweleza kwa upole kwamba kiangazi kimeanza, majani yamekauka, na ndama aliyenyimwa maziwa hana pengine pa kupata nguvu. Wanyweshwe dawa ya minyoo, alisema, kisha wapewe pumba na mashudu kidogo kila siku mpaka mvua zirudi, maana pale bondeni wanapochunga watu wote minyoo imejaa. Mfugaji akacheka mpaka akashika mbavu. Akauliza tangu lini ng'ombe akalishwa kama mgonjwa wa hospitali, na kwani majani Mungu aliyaumba ya nini. Mnamwona mtu huyo? Anamtaja Mungu ili asitoe pumba.

Wiki zikapita. Mkewe akamwambia kwamba manyoya ya yule dume yamesimama, tumbo limejaa lakini mbavu zinahesabika, na chini ya taya kumevimba. Akatia pamba masikioni. Akamwambia tena, naye akajibu kwamba ndama anadeka tu, anataka maziwa, na mambo ya zizi si mambo ya jikoni. Lakini moyoni kitu kilikuwa kinamkera, maana wageni alikuwa ameacha kuwapeleka kumwona.

Asubuhi moja akaingia zizini akakuta jambo ambalo hakulitegemea. Dume wake mwekundu alikuwa chini ya mama yake, amepiga magoti, ananyonya. Pua na midomo vimejaa mavi, ananyonya hivyo hivyo, na mama yake amesimama ametulia.

Hasira zikampanda. Aliona amedharauliwa na mnyama, tena mnyama aliyemsifia kwa watu. Akakata fimbo akampiga mgongoni, akampiga mbavuni, na ndama hakukimbia, kwa kuwa nguvu za kukimbia hakuwa nazo. Mkewe akaja akaishika ile fimbo.

“Baba Masima, unampiga kwa kosa gani?”

“Huyu nilimwachisha.”

“Ulimwachisha, ndiyo. Ukampa nini?”

Mtu mzima yule akafanya wanavyofanya watu walioumbuka: akaongeza mavi. Akampaka ng'ombe kiwele kizima, akamfunga ndama mbali kabisa na mama yake, akaenda zake kunywa chai.

Ndama akafa. Walipompasua walikuta tumboni vijiti vikavu vya majani, na minyoo myembamba kama uzi, mingi isiyo na idadi. Minyoo ilikuwa hai, ndugu zangu. Ilikuwa imeshiba. Aliyekufa njaa ni ndama peke yake. Na majirani walipokuja kumpa pole bwana yule, mnajua aliwaambia nini? Aliwaambia ndama alikuwa mkaidi.

Naona mmekunja nyuso. Mnamchukia mtu huyo. Vizuri, mchukieni, halafu mkae sawasawa mnisikilize.

Mwaka jana mama mmoja mjane, mpika gongo, alisimama hapa mbele akasema ameacha. Tulikwenda naye mpaka kwake, tukamwaga mapipa, tukavunja mitungi, tukaimba mapambio mpaka sauti zikatukauka. Kisha tukarudi makwetu kula. Nani kati yetu aliuliza wale watoto wake watakula nini kesho yake? Nani alirudi hata mara moja kupiga hodi? Tunajua kuachisha sisi, hatuna mpinzani. Acha pombe, acha ngoma, acha waganga, acha hawara. Mtu anaacha kweli, maskini, kwa machozi, na sisi tunamwandalia makofi. Kulisha hatujui, na hatutaki kujua.

Na minyoo je? Shemeji zake walilichukua shamba la marehemu mumewe, lile lile ambalo lingemlisha. Sote tunajua. Tukanyamaza, kwa sababu mmoja wao anakaa viti vya mbele na ndiye aliyetuletea spika hizi ninazosemea.

Sasa yule mama amerudi kupika gongo. Na asubuhi hii wazee wa kanisa wameniletea jina lake, nimtangaze mbele yenu kwamba ametengwa na ushirika. Mnataka apigwe, na mnataka nimpige mimi, ninyi mtazame. Hivi hamwoni haya?

Simtangazi. Ibada ikiisha natoka kwa mlango ule naenda kwake, na atakayenifuata asije mikono mitupu. Unga, maharage, jembe, mbegu, chochote kilichomo nyumbani mwako. Tena si leo tu, na kesho, na wiki ijayo, mpaka asimame. Na wewe unayelima shamba lake, unajijua. Leo usije kunipa mkono pale mlangoni. Nenda kamrudishie mama yule shamba lake, ndipo uje tusalimiane.