Kidevu cha Somoe

Isome hata kama umechoka, kisha mpelekee mwalimu mmoja unayemjua.

Mwalimu Gaudensia alikuwa hoi. Darasa lake la pili lilikuwa na watoto tisini na wawili, sauti imemkauka, miguu imemvimba, na juu ya hayo yote kulikuwa na Somoe.

Somoe alikuwa na miaka minane. Wenzake wakiamkia watu wazima huinamisha kichwa. Yeye aliinua kidevu na kukutazama kwa macho yaliyofumbwa nusu, kama mama mkwe anayekagua mchele.

"Shikamoo, mwalimu."

"Shusha hicho kidevu! Mimi rika lako?"

Somoe akafungua mdomo aseme neno.

"Na usijibizane na wakubwa!"

Somoe alishusha kidevu, akahamishiwa nyuma ya darasa akajifunze adabu. Tangu siku hiyo daftari lake likawa tupu. Mwaka ulipokaribia kwisha, mwalimu akaliandika jina lake kwenye orodha ya watakaorudia darasa.

Wiki hiyohiyo daktari wa macho alitembelea shule. Mwalimu alimtolea watoto sita wanaolalamikia macho.

"Na yule?" daktari aliuliza, akimnyooshea kidole Somoe, aliyekuwa ameinua kidevu ili amtazame.

"Yule ni jeuri tu, daktari. Nimechoka naye."

Daktari hakubisha. Alipiga magoti mbele ya mtoto, akazipandisha kope zake taratibu kwa vidole gumba. Kidevu cha Somoe kikashuka chenyewe.

"Kope zake zimelegea tangu kuzaliwa," alisema. "Anainua kidevu ili aone kwenye upenyo uliobaki. Ukimwinamisha, unamfumba macho."

Mwalimu aliketi kwenye dawati la watoto.

Somoe alifanyiwa upasuaji, kope zikapandishwa. Aliporudi shuleni alimwamkia mwalimu, kichwa kimeinama vizuri kabisa.

"Marahaba, mwanangu. Mbona hukuniambia kwamba huoni?"

"Mwalimu, ulisema nisijibizane na wakubwa."

Mwalimu Gaudensia alichutama mbele yake, magoti yakimuuma, mpaka nyuso zao zikalingana. Alijionea aibu.

"Jina lako nimelifuta kwenye ile orodha," alisema. "Na kuanzia leo, nikikosea, unijibu." Machozi yakamtoka mbele ya watoto tisini na wawili.

Funzo: Kabla hujamwadhibu mtoto kwa jinsi anavyokutazama, muulize anaona nini, halafu mwache ajibu.