Ajira Moja, Makuruta Watatu

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni ya juzi tu, kulikuwa na nchi iliyosomesha madaktari kisha ikawaacha wauze chipsi. Ukienda wizarani, hakuna vacancy. Ukirudi mwakani, lete experience. Experience mtu aitoe wapi, tumboni mwa mama yake?

Siku moja jirani akavuka mpaka na bunduki. Kesho yake vacancy zikajaa redioni: kila aliyesomea tiba na hana ajira, apende asipende, aripoti jeshini. Na serikali ikapaka asali kwenye shubiri: vita vikiisha, katika kila kambi, mmoja aliyefanya makubwa kuliko wenzake atapewa ajira ya kudumu. Mmoja.

Kambi moja ya mpakani ikapata watatu. Nyamizi, daktari, miaka sita digrii yake inalala kwenye bahasha, alichukuliwa penye karai la chipsi, aproni kiunoni. Bwire, muuguzi, alikuwa na kazi kwenye zahanati, na sheria iliwaacha walio kazini, akaja mwenyewe. Shekiondo, mtu wa maabara, alikimbia. Walimshusha darini kwa shangazi yake.

"Kumbe maabara mnafundishwa kupanda dari," Bwire akamtania.

"Na uuguzi mnafundishwa kiherehere."

Wakanyolewa wote, wakaitwa kuruta. Shekiondo, kwa kutoroka, akapewa adhabu: lindo la kisima, peke yake, jua la utosi.

Wiki ya pili askari wakaanza kuhara maji meupe kama ya kuoshea mchele. Kumi. Arobaini. Nyamizi akatazama mara moja, akaenda kwa Meja.

"Afande, ni kipindupindu. Kinatoka kisimani. Kifungwe leo."

"Wewe nani?"

"Daktari, afande."

"Wewe kuruta. Kuruta haamrishi meja. Geuka nyuma, tembea."

Akageuka nyuma, akatembea, moja kwa moja mpaka kisimani.

"Kaka, maji haya yanaua. Mimi sina cheo cha kuyafunga."

"Cheo hata mimi sina, dada. Nina lindo. Na lindo lina sheria moja: asiyejua neno la siri hapiti, hata awe jenerali."

Meja akafika na kikombe chake. Shekiondo akainua bunduki.

"Neno la siri, afande."

"Kisima hiki hakijawahi kupewa neno la siri."

"Basi hakuna anayelijua, afande. Hakuna anayepita."

Meja akavimba shingo. Lakini sheria ile aliiandika yeye, kwa mkono wake. Akageuka nyuma, akatembea.

Kambi nzima ikabaki na pipa la Bwire, maji ya mtoni yaliyochemshwa. Dripu zikaisha siku ya pili. Bwire akakoroga sukari na chumvi, akapita kitanda kwa kitanda, kijiko kwa kijiko: kunywa mdogo wangu, kunywa. Siku nne hakuketi. Askari mia tatu, hakuzikwa hata mmoja.

Adui alisikia kambi inakufa, akaja akiimba kuokota viatu vya maiti. Akakuta mia tatu wamesimama. Alikimbia akaacha hata masufuria. Kambi ikalipuka kwa vifijo, makuruta watatu wakabebwa mabegani, Meja mwenyewe akiwa mbebaji wa mbele.

Vita vikaisha. Jenerali akaja na barua ya ajira, mahali pa jina patupu.

Nyamizi akasema, "Bila jicho langu mngekufa mkilaumu maharage. Nimeisubiri barua hii miaka sita, nikinuka mafuta."

Bwire akasema, "Jicho halinyweshi mgonjwa, dada. Mimi sikukamatwa, nilikuja. Na kiti changu zahanati wameshampa mtu mwingine."

Shekiondo akasema, "Nilikimbia, ndiyo. Lakini meja alipokuja na kikombe, nani alisimama mbele yake? Nyinyi mlihatarisha usingizi. Mimi nilihatarisha kupigwa risasi."

Askari mia tatu wakagawanyika mafungu matatu, kila fungu likiita jina lake. Jenerali akakuna kichwa. Nchi ina wagonjwa mamilioni, na yeye kapewa barua moja.

Haya, wewe unayenisikiliza, shika kalamu ya Jenerali. Nani alistahili? Je, utaandika jina la nani?