Sange Juu ya Ulimi wa Fisi

Sogeeni, wajukuu zangu. Mwanaheri, ziache nywele za mwenzio. Chande, tema hilo ganda la muwa. Kimya sasa, kimya mpaka nisikie moto unavyopumua.

Mtungi umetua?
Umetua!
Umebeba maji?
Umebeba maneno!
Haya, kingeni masikio.

Hapo kale mvua iligoma. Wanyama wakawa wanafuata maji mbali, kutwa nzima kwenda na kurudi, na watoto njia ile hawaiwezi. Basi watoto wabaki pangoni. Nani awalinde?

Mzee Kobe akasema, "Kila mmoja ana ugonjwa wake wa moyo. Njooni mkekani kwangu, kila mtu apigane na wake. Atakayejishinda ndiye mlinzi."

Ugonjwa wa Fisi, uroho. Ugonjwa wa Sange, yule mdogo kama panya, woga. Jani likianguka tu, fyu! yuko shimoni.

Fisi akaja na umande, akaketi, akafumba macho. Jua likapanda, ameketi. Jua likashuka, ameketi. Anakoroma, khoroo, khoroo, lakini ameketi! Mwili mkekani, moyo kwenye mifupa. Jioni anajinyoosha, anaimba:

"Nimekaa, jamani nimekaa,
tangu umande nimekaa!"

Sange yeye alikuja uji wake ukiwa motoni. Hakukaa. Alisimama uwanjani, peupe, pale kipanga anapopitisha kivuli. Kivuli kinakuja. Miguu inataka kukimbia, anaikataza. Moyo unataka kutoka, anaurudisha. Kivuli kinapita. Uji unachemka, huyo anarudi kwake, manyoya yamelowa jasho chapachapa. Kesho yake tena.

Fisi akamcheka. "We kijitu, ndiko kukaa huko? Hata nzi hajawahi kukutulia!"

"Uji utafurika, Mjomba."

Siku ya kuchagua ikafika. Wanyama wakautazama mkeka. Pa Fisi pamelika, pametoboka. Pa Sange, hata alama hapana. "Aliyekaa ni Fisi," wakasema. Mzee Kobe akaanza kufungua mdomo aseme jambo, lakini Kobe mnamjua: mpaka afungue, wenzake wameshajitwika mitungi wameondoka.

Njiani moyo ukamkataa Sange. Akatua mtungi, akarudi mbio, tiki tiki tiki. Akamkuta Fisi mlangoni mwa pango. Watoto wote ndani, na wanawe Sange wamo. Mate ya Fisi chini, to! to! to!

"Nani mnono humo?" anauliza Fisi. "Ajitokeze, nimpakate."

Hata kupumua, watoto wanapumua kwa zamu.

Apige kelele, nani atamsikia? Mlango ni mmoja, na Fisi ndiye komeo. Sange akaokota kijiti cha mpingo, kimechongoka huku na huku, akajitokeza.

"Mjomba, wakubwa wamenirudisha. Mbuni ana maneno yake huko. Eti mkekani ulikuwa unalala."

"Nani? Mimi? Nimekaa, jamani nimekaa..."

"Ndivyo nilivyowaambia! Nikasema, Mjomba wangu ananiweka ulimini na hafumbi mdomo, mpaka watoto wote watoke, washuhudie kwa macho yao."

Fisi akawaza: huyu kwanza, wale hawafiki mbali. "Panda!"

Sange akapanda. Ulimi wa moto, meno kulia, meno kushoto, harufu ya mizoga. Akasimamisha kijiti, akasimama kando yake, tuli. Angetetemeka, ulimi ungejua ni nyama. Hakutetemeka.

"Watoto, tokeni. Mmoja mmoja."

Akatoka mwana wa Kanga. Ulimi ukacheza.
Akatoka mwana wa Paa. Mate yakamfika Sange magotini.
Wakatoka wanawe mwenyewe, wanamtazama mama yao mle mdomoni. Hakutetemeka.
Nyuma ya wote, mwana wa Ngiri. Mnono! Mkia juu, makalio yanatikisika, tikiti, tikiti...

KA!

Fisi amefumba! Kijiti juu kimeingia, chini kimeingia. Angevumilia asifumbe, kingedondoka chenyewe. Sange akachopoka katikati ya meno, pua ikanasa, akajivuta, ikavutika, akajivuta, fyu! Na watoto nyuma yake, purrr!

Jioni wakubwa wakarudi. Fisi mdomo wazi, "haa, haa, haa." Ndipo Mzee Kobe akamalizia maneno yake ya asubuhi: "...msimpe Fisi."

Sasa shikeni fundisho, wajukuu. Ukienda kujifunza jambo, tafuta mkeka mwema, lala mpaka utoboke. Watu huhesabu kukaa, jasho hukauka njiani. Ila usikubali kumweka mtu ulimini.

Mtungi wangu umekauka. Sange alirithi pua ndefu. Fisi alirithi kile kicheko chake kibaya. Ule mkeka uliotoboka wakagawana wale wote waliosema aliyekaa ni Fisi, na wajukuu zao wanaulalia hadi leo.