Kasha Lililokwenda na Damu

"Kasha lililokwenda na damu halirudi tupu." Jana mlimsikia diwani akiitupa mkutanoni, watu wakapiga makofi, nanyi mmekuja kuniuliza ilitoka wapi. Msidhani ni ya mababu. Walioizaa bado wanapalilia mashamba yao kule Lukwambe. Methali hii ilianza hivi.

Lukwambe kulikuwa na homa iliyochukua watoto kila masika. Ilifanana na malaria kama pacha, lakini dawa ya malaria haikuigusa. Wakaja watafiti kutoka mjini, wakiongozwa na Daktari Mtalo. Wakamwajiri Mwajabu, binti wa pale pale aliyesomea maabara, awe anawatoa watoto damu, maana wazazi wangemwamini. Na kweli walimwamini. Kila Alhamisi gari lilipakia kasha la barafu lililojaa vichupa, likaondoka. Wiki iliyofuata kasha lilirudi tupu.

Aliyeulizwa ni Mwajabu. Sokoni, kisimani, hata msibani: "Mwanangu, majibu vipi?" Akamwomba daktari mashine ya kupimia iletwe zahanati, naye afundishwe kuitumia. Daktari alimcheka kwa upole, na upole huo ndio uliomuuma.

"Kwa umeme wenu huu wa kuungaunga? Na vumbi hili? Wewe shika sindano, Mwajabu. Mashine tuachie sisi."

Sisi! Utadhani damu ilikuwa yao.

Masika ile akafa Rehani, mtoto wa Zaituni. Mwajabu alikuwa amemtoa damu kwa mkono wake mwenyewe na kumwahidi mama majibu. Mtoto akazikwa, arobaini ikasomwa, majibu hayajafika.

Ndipo daktari akaitisha mkutano pale zahanati, uso umemchangamka.

"Ndugu zangu, tumefanikiwa! Damu zenu zimetuonyesha kwamba wengi hawakuwa na malaria. Ni homa nyingine kabisa, na dawa yake ni ya kawaida, hata humu kabatini ipo. Ila bila kupima damu huwezi kuzitofautisha. Sasa tunahitaji damu zaidi."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwajabu akaligeukia lile kabati. Dawa ilikuwa kabatini, hatua chache kutoka kitanda alichofia Rehani!

Sasa, watu wa Lukwambe wana desturi yao: chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Ukiletewa mboga kwa bakuli, utarudisha bakuli na mahindi au ndimu, na asiye na kitu kabisa hutia chumvi kidogo. Zaituni akasimama, akalifungua lile kasha lililokuwa limeshushwa garini, akafungua pindo la kanga yake, akamimina chumvi ndani. Alikuja nayo makusudi.

"Daktari, sisi mafukara tunaona haya kurudisha bakuli tupu. Wewe umechukua damu ya mwanangu, hukuona haya?"

"Pole sana, mama. Lakini utafiti una taratibu zake. Mashine haiwezi kukaa huku, umeme wenyewe..."

"Friji la bia pale kwa Mkude halijazima tangu afungue baa," bibi mmoja akadakia. "La bia liweze, mashine ya damu ishindwe?"

Watu wakacheka kicheko kichungu. Daktari akapandwa na hasira. "Msipotaka, tutahamia kijiji kingine! Mwajabu, anza na hao waliokaa mbele."

Mwajabu alikuwa na mama mgonjwa nyumbani, na mshahara ule ndio uliokuwa ukiinjika chungu chao. Akaiweka sindano mezani.

"Samahani, daktari. Leo sichomi mtu. Mashine ije, tufundishwe mimi na wenzangu, ndipo nitashika sindano."

Akafukuzwa kazi palepale, na gari likaondoka na chumvi ya Zaituni ndani ya kasha. Lakini habari mbaya ina miguu. Kila kijiji alichofika daktari, aliwakuta akina mama wamekaa, kila mmoja na chumvi yake pindoni. Alipoikosa damu, ghafla umeme wa Lukwambe ukatosha, na vumbi nalo likawa si kitu! Mashine ikaja pamoja na mwalimu. Mwajabu akaitwa arudi, akafundishwa yeye na wenzake mpaka wakaweza kuitengeneza wenyewe ikiharibika.

Masika iliyofuata, mdogo wake Rehani akashikwa na homa. Zaituni alimbeba mgongoni hadi zahanati asubuhi. Mwajabu akatoa damu, akaipima, na kabla ya adhuhuri mtoto alikuwa keshameza dawa ya kabatini. Kesho yake homa ikashuka, mtoto akaomba uji.

Mwajabu alingojea vigelegele. Zaituni akaketi sakafuni, akalia kwa hasira.

"Asubuhi moja, Mwajabu? Kumbe kazi yenyewe ni ya asubuhi moja tu?"

Mwajabu akaketi sakafuni kando yake. Kwa hiyo, wanangu, mtu akija kuwaomba damu, mpeni, tiba haipatikani bila hiyo. Lakini kabla hajafunga mlango wa gari lake, mwambieni usoni, bila kuona haya: kasha lililokwenda na damu halirudi tupu.